Wanauliza Kina

Jumatatu, tarehe 3. Jua kali.

Andika kwamba mguu unawasha ndani ya plasta na sina pa kujikunia. Umeandika? Haya, tuendelee. Mimi sikusoma, herufi nazijua mbili tu, ile iliyo kama yai na ile iliyo kama jembe lililosimamishwa ukutani, kwa hiyo maneno haya anayaandika mjukuu wangu kwenye simu yake. Marehemu mume wangu alikuwa anamwita "mke wangu", na mimi namwita mke mwenza mpaka leo. Sasa mke mwenza ndiye karani wangu. Mambo hayo.

Sababu ya kuandika ni hii. Mke mwenza kaomba kazi kwa watu fulani wanaoandika habari za michezo ya kompyuta. Wamempa mtihani. Kuna michezo mitatu ya kulima, ailinganishe, aseme upi una kina.

"Kina cha nini," nikamuuliza, "kisima?"

"Hapana, Bibi. Kina, yaani mambo yaliyomo ndani. Upi umelima kweli, na upi ni wa juu juu."

Jembe lenyewe yeye kaliona kwa mbali, ndiyo maana kaja kwangu. Tucheze wote, kila siku niseme nilichoona, aandike mpaka mwisho wa mwezi. Nikamuuliza, na mengine niseme? Akasema sema yote Bibi. Kajitakia.

Niko hapa kwa binti yangu, mama yake, ghorofa ya tatu, tangu nilipoteleza kisimani nikavunjika kifundo. Shamba nimemwachia shemeji, mdogo wa marehemu. Mtu mwema, mwenye mikono mizuri, ila maneno yake kwa mwaka hayajazi kikombe. Mvua bado. Na mbegu zangu za maharage ziko kule, kwenye chungu, zimelala ndani ya majivu. Ni maharage ya mama yangu, madogo, meusi, yana mstari mweupe mgongoni. Dukani hayapo. Majirani niliwagawia zamani, wote wakayaacha wakakimbilia mbegu za pakiti. Nimebaki nayo mimi peke yangu. Mwaka nitakaokosa kuyapanda ndio mwaka yatakaokwisha duniani. Kila lori likipita chini nasikia radi, nageuza shingo dirishani. Lori.

Jumanne, tarehe 4. Jua.

Hakuna mvua. Mguu unawasha.

Alhamisi, tarehe 6. Jua, upepo kidogo.

Mchezo wa kwanza. Nimeuita wa Kuku Wazuri, maana kuku wake ukiwashika wanatoa moyo mwekundu kichwani. Unapewa shamba na babu aliyekufa, jembe moja, na kopo la maji. Ukipiga jembe mara moja tu, shimo tayari! Unamimina mbegu, unamwagilia, unaingia kulala, siku ya nne unavuna kabichi kubwa kama kichwa cha mtoto. Nikamwambia mke mwenza, huyu babu ardhi yake ilichanganywa na nini?

Majirani nao, ukimpa mtu zawadi anakupenda. Nimempa bibi mmoja wa mle ndani yai, akatoa moyo. Nikacheka mpaka mguu ukauma. Mimi jirani yangu nimempa mayai miaka thelathini na sijaona hata ukope kucheza.

Lakini nimekaa na mchezo huo asubuhi nzima, nisikudanganye. Mikono ilipata cha kufanya. Nikaona jambo moja na uliandike vizuri: mle ndani kila mbegu inaota. Ukipanda ishirini zinatoka ishirini. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akaenda kuchungulia. Sasa kama hakuna kuchungulia, hicho ni kilimo gani?

Ijumaa, tarehe 7. Jua.

Mwenye duka wa kule, ambaye ndiye anayetuandikia habari za shemeji kwa sababu shemeji hana simu, kasema hali ni ileile. Vumbi.

Jumapili, tarehe 9. Jua. Mawingu mchana, yakaondoka.

Leo sitaki kusema, lakini nitasema.

Mimi mkulima gani nipande mbegu zote? Mama yangu alinifundisha, chungu kimoja cha kupanda na konzi mbili za akiba, na akiba hailali nyumba moja na mbegu. Nilipoletwa mjini niliibeba akiba yangu kwenye chupa ya plastiki, na majivu yake, nikaiweka jikoni juu ya kabati.

Leo binti yangu alikuwa na wageni, wenzake wa kiwandani wanakoshona sare. Akapika. Nikaletewa sahani yangu hapa kwenye kiti, nikala, nikasifu. Nilisema kwa kinywa changu, "Leo maharage yameiva vizuri, umeyapata wapi?"

"Si yale yako ya kwenye chupa, Mama. Yalikuwa machafu, yamejaa majivu, nikayaosha mara tatu."

Kijiko kikabaki hewani. Wageni wakaniangalia. Nikameza kile kilichokuwa mdomoni, ningefanya nini? Ningetema? Mbegu iliyopikwa hata ukiitema haioti.

Wageni walipoondoka nikamwambia ni nini amepika. Akakaa chini. Mtu mzima, ana mtoto mkubwa, akakaa chini sakafuni akalia kama alivyokuwa analia utotoni akivunja chungu. Nikasema basi, basi, kule nyumbani kipo chungu kizima. Nikamtuliza yeye. Mimi nani wa kunituliza? Sasa kilichobaki duniani kimo ndani ya chungu kimoja, na chungu kiko mikononi mwa shemeji, na mimi niko juu hapa kama ndege.

Jumanne, tarehe 11. Jua.

Mchezo wa pili, wa Matrekta. Huu una mambo, sitaki kuuonea. Trekta lina gia, lina mafuta yanayokwisha, jembe lake likigonga jiwe linapinda. Udongo unapimwa, unaambiwa hapa weka chokaa, hapa pameshiba. Mke mwenza anasema watu wengi wanasema huu ndio wenye kina kuliko yote, maana mashine zipo mia na kitu.

Nikauliza, "Na watu?"

"Watu gani, Bibi?"

"Wa humu ndani. Nimelima eka mia sijamwamkia mtu."

Akatafuta. Kulikuwa na mmoja kasimama dukani. Nikamsogelea na trekta, hakusogea, hakusema hata pole na kazi. Huo ni ufundi wa mitambo. Kina cha spana kipo, kina cha shamba sijakiona. Shambani nusu ya kazi ni watu. Nani kakuazima jembe, nani mbuzi wake kaingia kwako, nani anakuita msibani siku ileile udongo umeiva kwa kupanda.

Mke mwenza kaandika haya yote, kasema, "Bibi, hii nzuri sana." Nzuri kwake. Mimi nimelitazama wingu moja tangu saa nne mpaka saa nane na halikufanya lolote.

Jumatano, tarehe 12.

Manyunyu kule, kasema mwenye duka. Nimewaambia wasiguse mbegu. Mvua ya kwanza ni mchumba, haijaoa.

Jumamosi, tarehe 15. Mawingu mazito.

Mchezo wa tatu. Huu aliyeutengeneza kuna bibi aliyemlea. Udongo wake unachoka, ukirudia zao lilelile mara mbili linanyauka. Mvua inakuja, inaondoka, inakudanganya. Mbegu ni za namna nyingi, na ukichagua mche mzuri ukauacha ukauke, mwakani una mbegu bora. Jirani ukichelewa kumsaidia ananuna, na ng'ombe wake kweli wanaingia kwako! Nikapiga makofi. Mke mwenza akasema ng'ombe ni hasara, Bibi, mbona unashangilia? Nikamwambia, hatimaye nimefika nyumbani.

Halafu fuko akaingia. Akala viazi vyangu vyote mstari kwa mstari, nami natazama. Nikawa namfukuza kwa mkono na kwa sauti, kwa viazi vya kwenye kioo. Mke mwenza akasema usijali, akabonyeza mahali, vumbi likatoka, viazi vikarudi.

"Umefanya nini?"

"Nimerudi jana. Niliihifadhi."

"Jana ipo? Imewekwa?"

"Ndiyo, Bibi. Kila siku inahifadhiwa, mambo yakiharibika unarudi."

Nikanyamaza kidogo. Mimi nikinyamaza watu huja kunipima homa.

Kina hiki, nimemwambia, ni kirefu kuliko cha wenzake, andika hivyo. Lakini hata hawa wamesahau kitu. Mbegu unaitupa tu, hakuna anayekuuliza umeifukia kiasi gani. Maharage ni vidole viwili. Hindi linatoka na mkuki, linatoboa popote, lakini harage linatoka limejitwika mbegu yake yenyewe kichwani, kama mwanamke na ndoo. Ukilifukia mbali linavunjika shingo njiani. Hilo hata mtoto anaambiwa na mama yake, na mle ndani halimo.

Mke mwenza kasema wale wa ofisini wameandika tena, wanasisitiza kina, kina, wataamua kwa hilo. Siku hizi nyumba hii mtu akifungua mdomo ni kina. Jana nimeota kina kinabisha mlango.

Jumatatu, tarehe 17. Mvua! Kule na huku.

Imenyesha tangu alfajiri. Mwenye duka kaandika kwamba kule imelowesha mpaka mtaro umepita maji. Hii imeoa. Nimemwambia mke mwenza amwandikie haraka, shemeji apande keshokutwa, udongo ukishakunywa, apande chungu chote.

Siku nzima nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kucheza ndiko kulikonituliza. Tulikuwa kwenye mchezo wa tatu, yule fuko karudi, nami safari hii nimemwekea mtego, simu ikalia. Mke mwenza akasoma, akasema, "Bibi, wanauliza kina."

Tena! Watu wa ofisi hawa hawachoki? Bila kugeuza macho nikamwambia, "Waambie kirefu. Kirefu kuliko vyote, na wasiniulize tena." Akatuma. Fuko tukamnasa.

Jumatano, tarehe 19. Mvua asubuhi, jua mchana.

Shemeji kapanda. Mistari kumi na miwili, chungu kimekwisha. Haya. Yako ndani ya ardhi, siyo mikononi mwa mtu tena.

Alhamisi, tarehe 20.

Mvua kubwa.

Ijumaa, tarehe 21.

Mvua kubwa. Halafu jua kali likafuata, sikulipenda. Udongo wa kwangu ni wa kunata, ukipigwa mvua na jua kwa pamoja unafanya ukoko.

Jumatatu, tarehe 24. Jua.

Siku ya tano. Harage la mama yangu siku ya tano linapasua udongo, unaona ufa kama wa kikombe. Nimesema aulizwe. Mwenye duka kajibu neno moja: bado.

Jumanne, tarehe 25.

Bado.

Jumatano, tarehe 26.

Bado. Na jirani, yule wa mayai, kapanda siku mbili nyuma yetu, mbegu za pakiti, na leo zake zimeanza kuchomoza. Mwenye duka ndiye kaniambia, kwa furaha kama mtu anayeleta habari za harusi. Binti yangu kauliza mbona sili. Nimemwambia plasta inabana tumbo. Akaniangalia mguu, akaniangalia tumbo, akaenda kazini.

Alhamisi, tarehe 27. Jua.

Nimetaka kumsikia shemeji mwenyewe. Mwenye duka akamwita, akampa simu, mke mwenza akaiweka ya kwake kwa sauti ya wote.

"Shemeji, hujambo."

"Sijambo."

"Maharage?"

"Bado, shemeji."

"Ulipanda vipi? Niambie kama unamwambia mtu asiyejua."

Kuku wa dukani nikawasikia wanalia. Halafu akasema, "Kama ulivyosema. Kirefu."

"Kirefu nini?"

"Kina. Niliuliza, kwa kuwa jua lilikuwa limechoma udongo muda mrefu, nikasema labda mwaka huu unataka tofauti. Mwenye duka akaandika, anauliza kina. Ukajibu kirefu kuliko vyote, nisiulize tena. Nikapima ngumi."

"Ngumi?"

"Ngumi nzima, shemeji. Kila shimo."

Nilihisi kama nimeteleza kisimani mara ya pili. Nikamgeukia mke mwenza. Keshaweka mkono mdomoni.

"Nani aliuliza kina siku ile?"

"Mwenye duka, Bibi."

"Mbona ukasema wanauliza? Mwenye duka ni wangapi?"

"Si yeye na babu mdogo! Ni wawili!"

"Nilidhani ni ofisi!"

"Mimi nilidhani maharage yanataka kina! Ningejuaje, Bibi? Umesema kirefu, nikaandika kirefu!"

"Kule hatusemi kina! Tunasema vidole! Tangu nizaliwe sijasikia mtu anapanda kwa kina!"

Nikamwambia maneno. Sitaki ayaandike, lakini nilimwambia aandike yote, basi aandike: nilimwambia ana elimu ya kujaza gunia na akili ya kujaza kifuniko cha chupa. Nikamwambia michezo yake imeniua. Akasimama, akaingia chumbani, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Na shemeji bado yuko kwenye simu, maskini, anasikia yote. Akasema, "Shemeji, nifukue?" Nikasema usiguse kitu. Akasema sawa.

Nimelitazama lile dude la kompyuta pale mezani. Shamba la mle limetulia, viazi vinang'aa. Nikajikuta natafuta kwa macho kile kitufe cha kurudi jana. Mwanamke mzima.

Ijumaa, tarehe 28.

Leo naongea na simu peke yangu, mke mwenza kaniachia, kaniambia ikiwaka doa jekundu inasikia. Hajaniamkia vizuri. Utakuja kuyaandika haya, mke mwenza, usiruke.

Nimewaza tangu usiku. Mwanzo nilimlaumu huyu mtoto. Halafu nikamlaumu mwenye duka, si angesema vidole kama watu? Kajifanya msomi. Halafu nikasimama kwa shemeji. Mtu huyu kashika jembe miaka hamsini. Vidole viwili anavijua kuliko jina lake. Kwa nini akafukia ngumi?

Nikampigia mwenye duka. Kabonyeza binti yangu kabla hajaenda kazini. Mwenye duka kaniambia siku ile shemeji alisimama pale kaunta kwa muda mrefu. Akamwomba ayasome maneno yangu mara tatu. Akatikisa kichwa. Mwenye duka akamwambia, si ufanye unavyojua wewe? Akasema, "Hapana. Kasema."

Simu, unasikia? Kuna mwaka marehemu alipokuwa mgonjwa, shemeji alipanda mistari miwili kwa nafasi pana, alivyoona yeye. Mimi nikafika, nikang'oa. Mbele ya watu, mche kwa mche, huku nasema shamba hili lina mwenyewe. Watu wakacheka, nikapenda wanavyocheka. Tangu siku ile ndipo akawa mtu wa kuuliza kila kitu. Mimi nikaona nimempata msaidizi mzuri, hana ubishi. Ubishi niliung'oa mimi na ile miche.

Ulimi hauna mfupa, lakini wa kwangu umevunja watu. Kuuliza si ujinga, yeye aliuliza. Mjinga ni aliyejibu akitazama fuko.

Kesho naenda. Plasta itajijua.

Jumamosi, tarehe 29. Mawingu, joto.

Binti yangu alisimama mlangoni. "Mama, daktari kasema wiki sita!"

"Daktari kapanda nini mwaka huu?"

"Utavunjika tena!"

"Basi nivunjike nikiwa naona."

Akanitazama. Nilidhani ataanza kulia, kumbe anavaa viatu. "Basi twende wote," akasema. "Akiba nilipika mimi." Mke mwenza akatoka chumbani na begi tayari. Akanishika mkono upande wa mguu mbovu, tukashuka ngazi moja moja kama watu wanaobeba kabati. Chini gari tulilolikodi linasubiri. Mtihani wake wa ofisi mwisho ni keshokutwa, nikamkumbusha. Akasema, "Najua, Bibi. Kaa vizuri."

Shemeji alikuwa kasimama mwanzo wa shamba. Kakonda, au ni macho yangu. Kavaa shati la kutokea, kama mtu aliyeitwa barazani kuhukumiwa. Tukaamkiana. Shamba jeusi, limenyooka, halina kitu. Ukoko umekauka, umepasuka vipande kama sahani. Upande wa pili wa mpaka, mbegu za pakiti zinapunga mikono.

Nikashuka chini. Mke mwenza alikuwa kauvisha mguu wangu mfuko wa nailoni, nikakaa kwenye gunia, nikawa najivuta kwa makalio mpaka mstari wa kwanza. Nikachimba kwa vidole. La kwanza limeoza, linanuka. La pili limeoza. La tatu, la nne, uji mtupu. Nikasema kimoyomoyo, mama, nimeyamaliza. Wewe uliyaokoa kwenye njaa, mimi nimeyamaliza nikiwa nimeshiba.

La tano, kidole kikagusa kitu kinachoteleza. Shingo. Nyeupe kama mnyoo, ndefu, imejikunja kama bakora, imepanda kutoka chini kule ngumi nzima mpaka chini ya ukoko, imegota pale, kichwa kimelala, kinasukuma. Mzima! Nikapiga kelele, binti yangu akadhani ni nyoka.

Nikaanza kufukua kwa mikono miwili, nilitoe, nilinyanyue, na shemeji akasema, "Usichimbe."

Nikageuka. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Ukichimba unakata shingo," akasema. "Vunja ukoko tu. Kwa kijiti, pembeni, uuinue kama kifuniko. Halafu uache. Lenyewe litajiinua likipata mwanya."

"Mimi huwa nafukua," nikasema.

"Najua. Na huwa yanakatika, shemeji. Huwa nayaona."

Binti yangu na mke mwenza wamesimama kama miti. Nilikuwa na maneno, yalikuwa yamepanga foleni hapa kwenye meno. Nikamuuliza swali moja tu. "Kwa nini hukusema siku ile, kwamba ngumi ni kosa?"

Akatazama chini. "Mimi niliuliza," akasema. "Wewe hukuniuliza."

Nikautoa mkono wangu kwenye lile shimo. Nikasema, "Basi tuonyeshe."

Akatuonyesha. Akavunja vijiti vinne, akavichonga ncha bapa. Tukajipanga kila mtu mstari wake. Yeye wa kwanza, binti yangu na sindano yake ya kushonea magunia kwa kuwa kijiti aliona kinene, mke mwenza kwa kucha, kucha zote za rangi zimekwisha, na mimi kwa makalio. Kuinua ukoko, kuupasua, kuuondoa, kusogea. Hakuna kuchungulia chini, shemeji kakataza. Kwa hiyo hujui kama unalifungulia lililo hai au lililokufa. Unafungua tu, unasogea. Mgongo wangu uliita majina ya watu waliokufa zamani.

Kati ya mstari wa sita na wa saba mke mwenza akanifikia. Nikamwambia bila kuacha kazi, "Lile neno la kifuniko cha chupa, nimelirudisha." Akasema, "Nimeshaliandika, Bibi." Nikasema liache basi, watu wajue. Akacheka. Siku mbili sijausikia ule mcheko.

Tumemaliza mistari yote saa kumi. Nikataka turudie ile ya mwanzo, niliona kama kuna mahali tumeruka. Shemeji akasema tuache, tukirudia tunakanyaga. Mikono inaniwasha kurudia hata sasa hivi nikiongea. Tumeacha.

Jumapili, tarehe 30. Mvua ndogo, ya kulainisha.

Nimebaki huku nyumbani kwangu, mke mwenza kabaki nami. Shamba bado jeusi. Nimetazama kutoka mlangoni mara ngapi sijui. Siendi. Kasema tusiende.

Jumatatu, tarehe 31. Mawingu.

Mke mwenza kapeleka kazi yake ofisini kwa simu, kasimama juu ya jiwe nyuma ya duka pale penye mtandao. Kanisomea. Wa Kuku Wazuri unapumzisha, wa Matrekta unafundisha mashine, wa tatu umezidi kwa kina. Halafu kaongeza kipande chake mwenyewe, kwamba michezo yote mitatu imesahau kitu kimoja, mtu anayesubiri bila kujua. Nikamwambia hilo nimelisema lini? Akasema, "Hukulisema, Bibi. Nilikuwa nakutazama."

Watajibu, hawatajibu, hajui. Amekaa mlangoni anaangalia simu, mimi nimekaa mlangoni naangalia shamba. Mlango wenyewe mwembamba.

Jumanne, tarehe 1. Umande. Jua.

Asubuhi shemeji akaja kugonga. Akasema, "Sasa unaweza kuja."

Yametoka. Siyo yote, usifikiri ni kama mle ndani ya kompyuta. Kule kwenye mistari mirefu unaweza kutembea hatua kumi huoni kitu, halafu moja, limeinamisha kichwa, limejitwika mbegu yake iliyopasuka vipande viwili, rangi bado ya manjano kwa kukaa gizani. Mengine shingo zimepinda. Tumbili yupo, konokono yupo, jua la mchana lipo. Sijatulia, asiniambie mtu nitulie. Mwaka huu hakuna kula hata punje, yote ni mbegu, na mwakani pia huenda tusile.

Nilitembezwa nimeegemea bega la mke mwenza, nikahesabu kwa sauti mstari kwa mstari. Nikapata sitini na moja. Nikamwambia andika, sitini na moja.

Shemeji akasema, "Sitini na nne."

"Nimehesabu mimi mwenyewe."

"Na mimi. Mara mbili, kabla sijakuita."

"Matatu ya ziada yako wapi?"

"Mstari wa tisa, mwisho, karibu na mpaka. Hayajanyanyua kichwa. Unaona ufa tu."

"Ufa siyo harage."

"Ni harage," akasema. Wala hakutazama chini.

Nikaangalia kule mwisho wa mstari wa tisa. Mbali, na kwa mguu huu. Sikuona ufa wowote.

Mke mwenza akauliza, "Niandike ngapi, Bibi?"

Andika sitini na nne.